“HIS”, “HER” AU “THEIR”? JIBU KWA DARASA LA NYANGAMARA

(Somo la Kiingereza kwa watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio)

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa ambapo redio yasikika vizuri, na ya kwamba msimamizi wa darasa anayo chaki mkononi, maana leo tutaandika ubaoni mara nyingi. Asiye na daftari na amwombe jirani yake karatasi moja. Somo la leo sikulitoa katika kitabu. Nimelitoa katika barua.

Barua hii imetoka Nyangamara, mkoani Lindi, katika darasa la watu wazima. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili sikucheka. Nitawasomea:

“Bwana Mwalimu, baada ya salamu, sisi hatujambo. Mbaazi tumekwisha vuna, sasa tunangojea korosho. Tumepata ugomvi kwa sababu ya neno moja la Kiingereza. Walikuja wageni kuwaandikisha wanachama wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wakabandika tangazo mlangoni, nalo lilisema: ‘Each member must bring his card.’ Kijana mmoja akatusomea, akatuambia ‘his’ ni neno la mwanamume. Basi akina mama wawili wakaona hawakuitwa wao, wakaenda zao shamba. Waliporudi, daftari la majina limekwisha fungwa. Mama mweka hazina akamwuliza yule kijana, ‘Mwanangu, mimi ninayeshika ufunguo wa sanduku si mwanachama?’ Kijana akajibu, ‘Mwanachama, Mama. Niwie radhi. Lakini Kiingereza ndivyo kilivyo.’ Kuna binti mmoja yuko sekondari; akachukua kalamu akafuta ‘his’, akaandika ‘their’. Kijana akasema hilo ni kosa, maana ‘their’ ni ya watu wengi, na hapa ametajwa mtu mmoja mmoja. Tena mwalimu wa yule binti aliwahi kumwekea alama ya kosa, kwa wino mwekundu, kwa neno hilo hilo. Basi tunakuomba utuamulie. Nani amekosa?”

Nitaamua, wala sitawaficha upande nilio nao: binti hakukosa. Lakini hukumu bila sababu haimfundishi mtu, kwa hiyo twende pole pole, tuanzie nyumbani kwetu.

Msimamizi, tafadhali andika neno moja ubaoni, kwa herufi kubwa: AMEFIKA.

Haya, someni wote. Sasa nauliza: aliyefika ni mwanamume au mwanamke? Najua mnatazamana. Neno halikusema. Yaweza kuwa baba, yaweza kuwa bibi mkunga, yaweza kuwa mtoto. Ile “a” ya mwanzo yawatosha binadamu wote, na hata ng’ombe na tembo wamo. Ukisema “yeye”, ni vivyo hivyo. Ukisema “kadi yake”, ile “yake” haikuulizi habari ya mwenye kadi. Wala si Kiswahili peke yake. Ninyi wa Nyangamara mnaosema Kimwera nyumbani, na jirani zenu wasemao Kimakonde na Kiyao, jaribuni kutafuta katika lugha za mama zenu neno moja la “yeye” kwa wanaume na jingine kwa wanawake. Hamtalipata. Lugha zetu za Kibantu haziweki mpaka hapo. Tukitaka kujulisha ya kuwa ni mwanamke, twaongeza neno: twasema “mama yule”, au “mwalimu wa kike”. Tusipotaka, twanyamaza, na sentensi yetu haina upungufu wo wote.

Kiingereza hakinyamazi. Msimamizi, andika mistari hii miwili:

HE has come. SHE has come.
HIS card. HER card.

“He” ni yeye mwanamume, “she” ni yeye mwanamke. “His card” ni kadi yake mwanamume, “her card” ni kadi yake mwanamke. Mwingereza hawezi kufungua kinywa kumtaja mtu mmoja asiyemtaja kwa jina, mpaka kwanza ameamua ni mume au ni mke. Sisi hatukuzoea kuulizwa swali hilo na lugha yetu. Ndiyo sababu mtu wa kwetu ajifunzaye Kiingereza husema “My mother, he is sick”, na watoto wa shule wakamcheka. Si ujinga. Ni ulimi uliozoea “a” moja. Dawa yake ni mazoezi tu: kabla hujasema, mtazame mtu wako akilini. Twende haraka. Mimi nikisema “baba”, ninyi semeni “he”. Nikisema “shangazi”, semeni “she”. Haya: baba. Shangazi. Babu. Mama mweka hazina. Mjomba. Vizuri.

Je, wale walio wengi? Hapo Kiingereza kimekuwa kama chetu. Wanaume wakija ni “they”. Wanawake wakija ni “they”. Wakija wote pamoja ni “they”. Kadi zao ni “their cards”, bila swali. Liwekeni neno hili akilini, maana tutalirudia.

Sasa sikilizeni. (Sauti ya kubisha mlango.) Mtu amebisha. Hatujamwona, na sauti yake hatukuisikia vema. Sisi twasema, “Nani huyo? Mwambie aingie.” Imekwisha. Mwingereza naye, ikiwa kila mtu mmoja lazima awe “he” au “she”, atasemaje juu ya mtu asiyemwona? Au mtu anapoandika tangazo kwa wanachama wote, waume kwa wake, na kila mmoja anatajwa peke yake, ataandika “his card” au “her card”? Hapo ndipo wageni wa Nyangamara walipokwama, ingawa wenyewe hawakujua ya kuwa wamekwama.

Pengine mtu atasema: lipo neno “it”, halina uume wala uke. Ni kweli, lakini “it” ni la vitu na wanyama. Kumwita mtu mzima “it” ni tusi, kama vile kusema “kijitu kile kimefika”. Tuliache.

Njia ambayo vitabu vingi vya zamani vilifundisha ni hii: usipojua, andika “he”, na hiyo “he” ihesabiwe kuwa inamchukua na mwanamke. Kanuni hii ilianza kuandikwa katika vitabu vya sarufi ya Kiingereza katikati ya karne ya 18. Mmoja wa walioiandika mapema alikuwa mwalimu wa kike, Ann Fisher, wa mji wa Newcastle huko Uingereza. Msishangae, mtu huandika anachokiona kuwa ni nadhifu. Kisha mwaka 1850 Bunge la Uingereza likaifanya kuwa sheria: katika sheria zote za Bunge, maneno ya kiume yahesabiwe kuwa yanawachukua na wanawake, ila pale ambapo sheria yenyewe imesema vingine.

Kwa kusikia tu, ni jambo jema. Mwanamke hakuachwa, yumo ndani ya “he”, kama abiria aliye ndani ya basi ambaye hamumwoni kwa nje. Lakini ngojeni mwone basi lilivyofanya lilipofika kituoni.

Mwaka 1867 Uingereza ilitunga sheria mpya ya uchaguzi, ikampa haki ya kura kila “man”, yaani kila mwanamume, mwenye sifa zilizotajwa. Wanawake wa mji wa Manchester, zaidi ya 5,000, wakaomba majina yao yaandikwe katika daftari la wapiga kura. Hoja yao ilikuwa nyepesi: Ninyi wenyewe mwaka 1850 mlisema neno la kiume linatuchukua na sisi, basi tuandikeni. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1868 majaji wakakataa. Wakasema katika jambo la kura neno hilo halikukusudia wanawake. Na wanawake hao wenye nyumba walikuwa wakilipa kodi kama waume.

Huko Marekani mwanamke mmoja, Susan B. Anthony, aliishika hoja hiyo kwa ukali zaidi. Mwaka 1872, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, alikwenda akapiga kura bila kuruhusiwa. Akakamatwa, na mwaka 1873 akatozwa faini ya dola 100, ambayo hakuilipa mpaka kufa kwake. Kabla ya kesi alizunguka akihutubia watu. Alisema, kwa ufupi: Mnaniambia sheria ya kura imeandikwa “he”, kwa hiyo mimi simo. Basi zitazameni na sheria za kodi na sheria za makosa, nazo zimeandikwa “he”, “his”, “him”. Mbona huko nimo? Ikiwa mimi si “he” wakati wa kuchagua, nisiwe “he” wakati wa kulipa wala wakati wa kufungwa.

Msimamizi, simama hapa kidogo uwaulize wanafunzi: je, mama huyu alikuwa na haki katika hoja yake? Nitanyamaza kitambo.

Naam. Sitaki kusema kwamba neno moja ndilo lililowanyima wanawake kura. Walionyima walikuwa watu, nao wangepata kisingizio kingine. Nasema tu kwamba neno liliwapa mlango wa kutokea: penye mzigo, “he” ilifunguka, mwanamke akaingia, penye haki, ikafungwa. Wanawake wa Uingereza walianza kuchagua wabunge mwaka 1918, waliotimiza miaka 30 tu na kwa masharti, na ndipo mwaka 1928 wakawa sawa na wanaume.

Sheria za Kiingereza zilizoletwa Tanganyika ziliandikwa kwa desturi hiyo hiyo ya “he”. Nasi leo tunayo Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, isemayo ya kuwa katika sheria zilizoandikwa maneno ya kiume yanawachukua na wanawake, na maneno ya kike yanawachukua na wanaume. Kwa hiyo msije mkaenda kumwambia mtu ya kwamba Mwalimu wa redio amesema sheria zenye “he” haziwahusu wanawake. Zinawahusu. Lakini tangazo lililobandikwa mlangoni si sheria ya Bunge, wala akina mama waendao shamba hawatembei na Sura ya 1 kwapani. Wao walisomewa “his”, wakaambiwa maana yake, wakaamini. Mimi siwalaumu.

Mfano wa karibu zaidi upo, nao ni mkubwa. Katiba yetu ya mwaka 1977 tunayo kwa Kiswahili, na tunayo tafsiri yake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, habari za Rais zimeandikwa kwa “a” ile ile tuliyoiandika ubaoni: awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na kadhalika. Kwa Kiingereza Rais ameandikwa “he”. Tarehe 17 Machi 2021 Rais John Magufuli alifariki dunia, na tarehe 19 Machi Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akaapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho katika nchi yetu. Katiba ya Kiswahili haikuhitaji hata herufi moja ibadilishwe ili imtoshe. Ilikuwa imemngojea tangu 1977. Aliyekuwa akisoma ile ya Kiingereza ilimbidi asome “he” na kumwona mama mwenye kilemba. Mwaka huo huo wa 2021 Bunge lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili lugha ya sheria za Tanzania iwe Kiswahili. Watu wengi walisema habari za wananchi kuelewa sheria zao, na ni kweli. Mimi niliwaza pia juu ya “he” zote zile ambazo mfasiri atazigeuza kuwa “a”, na hapo hapo ugomvi wa Susan Anthony ukakosa mahali pa kukaa.

Turudi ubaoni. Njia nyingine ya Kiingereza ni kuwataja wote wawili. Andika:

Each member must bring HIS OR HER card.

Hii ni sahihi. Hakuna mwalimu atakayeikosoa. Lakini ni nzito, tena uzito wake waongezeka kila sentensi inapoendelea. Sikilizeni: “Each member must bring his or her card, and he or she must sign his or her name.” Ulimi umechoka kabla ya kufika. Kwa sentensi moja itumieni. Kwa barua nzima mtajuta. Kuna Wamarekani walioona taabu hii wakajaribu kubuni neno jipya kabisa. Mmoja, mtunzi wa muziki aitwaye Charles Crozat Converse, mwaka 1884 alitangaza neno “thon” kuwa ndilo “yeye” la wote. Liliingia hata katika kamusi moja kubwa, kisha likatolewa, kwa sababu watu hawakulisema. Lugha haikubali sana maneno ya kuletewa.

Na hakukuwa na haja ya kubuni. Neno lilikuwapo, tena la zamani, nalo ndilo lile aliloandika binti wa Nyangamara.

Ninyi wa pwani ya Kilwa na Lindi mmesikia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akaandika sifa za mji ule. Katika karne ile ile, yapata mwaka 1375, hadithi moja ya Kiingereza iliandikwa ambayo ndani yake “they” yatumika kwa mtu mmoja mmoja asiyetajwa kuwa mume au mke. Tangu hapo matumizi hayo hayakukoma. Chaucer aliyatumia, Shakespeare aliyatumia, na Jane Austen, bibi aliyeandika hadithi zinazosomwa duniani kote, aliyatumia mara nyingi. Wale waliosema ni kosa walikuja nyuma, katika karne ya 18 na ya 19, wakati waandishi wa vitabu vya sarufi walipotaka umoja ubaki umoja na wingi ubaki wingi. Watu wakaendelea kusema kama walivyozoea. Mwalimu aliyemwekea binti alama nyekundu hakubuni kosa hilo. Alifundishwa hivyo, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo.

Najua yule kijana atauliza: “Lakini ‘they’ ni wingi. Mtu mmoja atakuwaje wingi?” Swali zuri. Nitamjibu kwa neno “you”. Zamani Mwingereza alikuwa na neno “thou” kwa mtu mmoja, na “you” lilikuwa la watu wengi tu. Ikawa desturi kumwambia mkubwa “you” kwa heshima, kana kwamba yeye peke yake ni watu wengi. Heshima ikaenea mpaka kwa wote, na “thou” ikabaki katika sala na mashairi. Leo twamwambia mtu mmoja “you are”, na hakuna asemaye “you is”. “You” ilikuwa ya wengi, ikamchukua na mmoja, nyumba haikuanguka.

Tena jambo hili si geni kwenu watu wa Kusini. Wayao humtaja mkubwa mmoja kwa wingi ili kumpa heshima. Nanyi katika Kiswahili chenu cha huko husikika mtu akisema, “Baba wamekwenda shamba.” Mtu wa Dar es Salaam akisikia atauliza, “Baba wangapi?” Baba ni mmoja. Wingi wake ni wa adabu. “They” ya mtu mmoja haikutokana na adabu, ilitokana na kutojua. Lakini sikio lililokwisha zoea “Baba wamekwenda” lisidai kushtuka kwa “they”.

Basi tufanye kazi. Msimamizi, andika sentensi hizi, na wanafunzi wazinakili:

Someone is knocking. What do THEY want?
Somebody has left THEIR umbrella.
If anyone is sick, THEY should go to the hospital.
Each member must bring THEIR card.

Ya kwanza: Mtu anabisha; anataka nini? Ya pili: Mtu amesahau mwavuli wake. Ya tatu: Mtu ye yote akiugua, aende hospitali. Ya nne mnaijua. Tazameni jinsi Kiswahili kinavyosema “anataka”, “wake”, “aende”, kwa mtu mmoja. Pale penye “a” yetu ya mtu tusiyemjua, wekeni “they”. Penye “-ake” yake, wekeni “their”. Penye “m” ya “mwambie”, wekeni “them”: “Someone is at the door. Tell them to come in.”

Jambo moja wengi hulikosea. Ingawa mtu ni mmoja, “they” hubaki na kitendo chake cha wingi. Twasema “they are”, “they have”, “they want”. Hatusemi “they is” wala “they wants”. Ni kama “you are”, na kama “Baba wamekwenda”: heshima ya wingi hufuata mpaka kwenye kitendo. Lakini neno “someone” lenyewe ni la umoja, kwa hiyo “someone is knocking”, kisha “they are”. Katika sentensi moja mna “is” na “are” za mtu yule yule. Najua si tamu. Semeni mara tatu pamoja nami: Someone IS outside, THEY ARE calling you. Tena. Na mara ya mwisho.

Na mpaka wake ni huu: mtu unayemjua ni mwanamume, mwite “he”, unayemjua ni mwanamke, mwite “she”. Msije mkaikimbilia “they” kwa uvivu wa kukumbuka, mkamwita mama mweka hazina “they” mbele ya wageni. Yeye ni “she”, na kadi ni “her card”. Siku hizi, katika nchi zisemazo Kiingereza, wako pia watu wasiojihesabu kuwa wanaume wala wanawake, nao huomba waitwe “they” hata wakiwa wanajulikana kwa jina na sura. Mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani iliandika maana hiyo, ikalichagua “they” kuwa neno la mwaka. Mkikutana nalo katika gazeti, jueni ni mtu mmoja anayezungumzwa, msianze kutafuta kundi.

Sasa hukumu ya Nyangamara. Kijana alisoma sawa: “his” ni neno la mwanamume, na kama sikio lake lilisikia wanaume tu, tangazo ndilo lenye lawama. Alikosa aliposema “their” haiwezekani. Binti yuko sahihi, na wino mwekundu haubadili kitu. Ila nampa shauri moja la mtihani. Ukiwa mbele ya msahihishaji usiyemjua fikira zake, igeuze sentensi yote iwe ya watu wengi: “All members must bring their cards.” Hapo umemchukua kila mtu, waume kwa wake, na hata mwalimu wa kale kuliko wote hatapata pa kuweka alama.

Akina mama wawili hawakukosa cho chote. Naomba uongozi wa kikundi uwaendee wale wageni, ukiwa na tangazo lao mkononi, ukawaambie ya kuwa daftari lifunguliwe. Daftari hufunguliwa.

Wageni nao, kama wanasikiliza, nawauliza kwa upole: tangazo la kuwaita watu wa Nyangamara liliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya nani? “Kila mwanachama aje na kadi yake.” Maneno sita na herufi chache, na siku ile hata mtoto angewasomea mama zake bila kukosea.

Kazi ya nyumbani. Andikeni kwa Kiingereza sentensi hizi tatu. Moja: “Mtu amepoteza ufunguo wake.” Mbili: “Kila mwanafunzi alete daftari lake.” Tatu: “Mama amefika, yeye ni mweka hazina.” Ya tatu nimeiweka makusudi, itazameni vizuri kabla ya kuandika. Msimamizi atasahihisha, na penye shaka mniandikie, hata kama ni ugomvi mwingine.

Wiki ijayo tutasoma namna ya kujaza fomu ya kuomba mkopo, na nitahitaji kila darasa liwe na rula. Kwaherini.